Sindromu ya kucha na pia ya goti (mfupa wa mbele ya goti): maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa nayo. Baba yangu alizaliwa nayo, na mwanangu wa pili anayo. Kwa miaka kadhaa sasa watu hunitumia picha za vidole gumba vyao, wengi wakiwa wameshaambiwa ni fangasi, na maswali wanayoniuliza yanafanana mno. Nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari, ni mgonjwa aliyekaa na hali hii tangu utotoni na ambaye amesumbua madaktari wengi kwa maswali. Kama huna muda wa kusoma yote, soma sehemu ya figo na sehemu ya macho. Goti likiuma utaenda hospitali mwenyewe. Figo na jicho havikuiti.

Ni ugonjwa gani hasa?

Ni hitilafu ya kurithi inayogusa kucha, magoti, viwiko na mifupa ya nyonga. Hukadiriwa kuwapata watu kama mmoja katika kila 50,000, kwa hiyo daktari wako anaweza kumaliza maisha yake yote ya kazi bila kukutana na mwingine kama wewe. Ukifika hospitali taja jina ambalo ataweza kulitafuta vitabuni: Nail-Patella Syndrome, kwa kifupi NPS. Hiyo patella ni mfupa wa mbele ya goti, sisi tunauita pia ya goti, na kamusi zinao pia kwa jina la kilegesambwa.

Chanzo ni jeni iitwayo LMX1B, iliyoko kwenye kromosomu ya 9. Uhusiano wake na ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1998. Kazi yake nilipoelezwa, mwili wangu wote uliniingia akilini kwa mara ya kwanza. Mtoto akiwa bado mimba changa tumboni, mikono na miguu ikichipua, jeni hii ndiyo inayouambia mkono upande upi uwe mgongo na upi uwe kiganja. Sasa utazame mkono wako. Kucha ziko upande wa mgongo. Ncha ya kiwiko iko upande wa mgongo. Na goti je? Goti liko mbele, lakini mguu wa mimba hujizungusha unapokua, na mbele ya goti hapo mwanzo ni upande uleule wa mgongo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii. Sisi moja haifanyi kazi, na iliyobaki haitoshi kukamilisha kazi ya mbili. Jeni hiyohiyo hutumika kutengeneza chujio la figo na sehemu ya mbele ya jicho, ndiyo maana nasisitiza figo na macho.

Nitajuaje kwamba si fangasi?

Fangasi huanza ukubwani, aghalabu kwenye ukucha mmoja au miwili, ukucha unanenepa, unakuwa wa njano, unamong'onyoka. Zetu ziko hivyo tangu kuzaliwa, na mikono yote miwili inafanana. Gumba ndilo huathirika zaidi: ukucha unaweza kukosekana kabisa, ukawa nusu, au ukapasuka katikati kwa mfereji. Kidole cha shahada kinakuwa na nafuu kidogo, cha kati nafuu zaidi, hadi kidole cha mwisho ambacho mara nyingi kiko sawa. Kwenye kila ukucha ulioathirika, upande unaoelekea kidole cha mwisho ndio hudhoofu zaidi.

Kisha tafuta kile kijimwezi cheupe kwenye shina la ukucha. Kwa watu wengine kimepinda kama mwezi mwandamo. Chetu mara nyingi kina ncha katikati, kama pembetatu. Alama hiyo ni ya ugonjwa huu na ni ngumu kuikuta kwingine. Mwisho kunja vidole na kuvinyoosha, angalia ngozi juu ya kiungo cha mwisho karibu na ukucha. Kwa wengi wetu pale hapana mikunjo, ngozi ni laini tupu.

Mimi nilimeza griseofulvini, vidonge vya fangasi, miezi minane nikiwa darasa la sita, kwa maagizo ya zahanati moja, na hakuna aliyekata kipande cha ukucha akakitazama kwa hadubini. Wala hakuna aliyemwomba baba, aliyekuwa ameketi pembeni yangu kwenye benchi, aonyeshe mikono yake. Vidole gumba vyake vilikuwa kama vyangu.

Za miguuni huathirika kwa nadra zaidi. Ikitokea, mara nyingi ni ukucha wa kidole kidogo.

Kipimo cha jeni hapa kwetu hakipatikani kirahisi. Nifanyeje?

Omba eksirei ya nyonga. Watu kama 7 katika kila 10 wenye ugonjwa huu wana vijipembe viwili vya mfupa nyuma ya nyonga, kimoja kila upande. Daktari Fong wa Marekani aliviona mwaka 1946 kwenye picha aliyopiga kwa ajili ya figo za mgonjwa, na hadi leo wengine huuita ugonjwa huu kwa jina lake. Haviumi, havizuii kutembea wala kuzaa, na havihitaji kukatwa. Lakini vikionekana, jibu limepatikana, na eksirei hiyo hupigwa hata hospitali ya wilaya. Kama una mimba au unahisi unayo, mwambie mpiga picha kabla hujapanda mezani.

Visipoonekana usihitimishe kwamba huna. Kucha, magoti, viwiko na historia ya ukoo huangaliwa kwa pamoja.

Dada, mume wangu anasema kwao hakuna kitu hiki, na kwetu pia hakuna. Mtoto ameutoa wapi?

Swali hili huja na machozi, na mara nyingine na shutuma. Naomba nilijibu taratibu.

Kwanza, katika kila wagonjwa 100, kama 12 hivi ni wa kwanza kwenye ukoo wao. Badiliko la jeni lilitokea kwao wenyewe. Hakuna aliyekula kitu, aliyevuka kitu, aliyerogwa wala aliyemficha mwenzake. Pili, ugonjwa huu hutofautiana sana hata ndani ya nyumba moja. Baba anaweza kuwa na kucha mbili dhaifu tu, bintiye akazaliwa bila pia za magoti na akiwa na mguu kifundo, yaani uliopinda tangu tumboni. Kabla ya kusema "kwetu hakuna", kusanya mikono ya wazazi, mashangazi na babu mezani mchana, karibu na dirisha. Familia moja walinipigia simu wakicheka na kulia: bibi mzaa baba alikuwa ameficha magumba yake ndani ya khanga kwa miaka hamsini.

Mwenye ugonjwa huu, awe mwanamume au mwanamke, kwa kila mimba uwezekano wa kumrithisha mtoto ni nusu kwa nusu. Mtoto wa kwanza akiupata haimaanishi wa pili atanusurika. Na ambaye hakurithi nakala mbovu ya jeni hiyo hawezi kuwapa wanawe. Hauruki kizazi, ila hujificha.

Ni kweli ni ugonjwa wa watu wa kundi fulani la damu?

Hapana, ingawa uvumi huu una chanzo. Mwaka 1955 watafiti Renwick na Lawler wa Uingereza waligundua kuwa ndani ya familia moja ugonjwa huu huelekea kusafiri pamoja na kundi la damu. Jeni hizo mbili ni majirani kwenye kromosomu ya 9, kwa hiyo hurithiwa pamoja mara nyingi. Familia hii utasafiri na A, ile na O. Kundi la damu peke yake halikuambii lolote.

Kwa nini mnasisitiza mkojo?

Kwa sababu ya baba yangu.

Kati ya watu 10 wenye hali hii, 3 hadi 5 hupata tatizo la figo. Wengi wao hubaki hapohapo, mkojo unapitisha protini kidogo maisha yote na figo zinaendelea kufanya kazi. Wachache, kama 5 hadi 15 katika kila 100, figo hushindwa kabisa. Chujio la figo limejengwa kwa ukuta usio sawa, protini ambayo ingebaki kwenye damu inapenya. Dalili ya kwanza ni protini hiyo, wakati mwingine na chembe za damu zisizoonekana kwa macho. Hakuna maumivu. Mkojo unaweza kutoa povu kama la sabuni ambalo halikatiki, nalo mtu hulizoea.

Baba alilizoea. Alikuwa seremala, magoti yalimsumbua, na kila jioni alipitia duka la dawa akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, vidonge viwili viwili kwenye kikaratasi. Miguu ilipovimba alibadilisha viatu. Alipopimwa kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 51, na daktari wa figo alituambia hali ya kurithi ilikuwepo siku zote na zile dawa zimeiongezea mzigo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki hadi alipofariki. Kipimo ambacho kingetuonya miaka ishirini kabla ni kijiti kinachochovywa kwenye kichupa cha mkojo.

Kwa hiyo: kila mwaka, tangu utotoni, pima presha na mkojo. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujatembeatembea. Kijiti ni mwanzo mzuri. Maabara ikiweza, omba ulinganisho wa albumini (protini ya damu) na kreatinini (taka inayotolewa na figo), maana hugundua mapema zaidi. Protini ikionekana, daktari huweza kukuanzishia dawa za presha zinazolinda figo, kama enalapril au losartan, hata kama presha yako si kubwa. Fika kwenye kipimo hata kama unajisikia mzima. Hasa kama unajisikia mzima.

Figo zikishindwa, kupandikizwa kunafaa sana kwetu. Figo mpya haina nakala yetu mbovu ya jeni, hivyo ugonjwa hauirudii. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Ila ndugu anayejitolea lazima achunguzwe kwa makini kwamba hana ugonjwa huohuo. Kumwangalia kucha pekee hakutoshi.

Basi nitumie dawa gani ya maumivu?

Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na joto: chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye taulo. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zisiwe dawa za kila siku. Mwambie hivyo pia muuza dawa ambaye ni jirani na anakuonea huruma. Nusu yetu tuna maumivu ya mgongo vilevile, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa.

Na macho?

Tuna uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kupata presha ya macho, yaani glakoma, na kuipata tungali vijana. Sisi Waafrika kwa jumla glakoma hutupata zaidi na mapema, kwa hiyo mtu mweusi mwenye ugonjwa huu ana sababu mbili za kupimwa. Haianzi kwa kuuma. Huanza kwa kula pembe za uoni, unagonga mlango kwa bega, unamwaga chai iliyokuwa ubavuni, unajiita mzembe. Kilichopotea hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Lakini ikijulikana mapema, matone ya kila siku hushusha presha hiyo na kuokoa kilichobaki.

Mtoto apimwe mara tu anapoweza kutulia mbele ya mashine na kufuata maelekezo, kisha kila mwaka. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Uliza wazi: "Mmenipima presha ya jicho? Mmetazama mshipa wa nyuma ya jicho?"

Goti langu huchomoka. Niishije?

Pia ya goti kwetu ni ndogo, haina umbo sawa, au haipo. Ikiwepo hupenda kuteleza upande wa nje. Shuleni iliniponyoka kwenye mchakamchaka, saa kumi na mbili asubuhi, na mwalimu wa zamu akadhani natega. Ikikutokea, kaa chini, unyooshe mguu polepole, mara nyingi hurudi mahali pake. Usimruhusu mtu kulipiga goti kofi.

Kinachosaidia kuliko vyote ni misuli ya paja. Zoezi langu: nakaa kitandani mguu umenyooka, nabana paja kama nagandamiza goti kwenye godoro, nahesabu hadi kumi, naachia. Mara ishirini kila mguu, asubuhi na usiku. Kuendesha baiskeli tambarare na kuogelea ni vizuri. Kuruka kamba na kuteremka ngazi mbiombio, hapana. Wengi wetu tu wembamba wa mapaja na mikono hata tule vipi. Ni umbile tu, usiwalazimishe watoto uji wa usiku wa manane.

Choo cha kuchuchumaa ndicho mtihani wa kila siku. Fundi alinifungia bomba la chuma ukutani, usawa wa kifua, kwa bei ya kuku wawili. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati nacho kinafaa.

Kupiga goti: ukweni kwangu Shinyanga mwanamke huwaamkia wakubwa akiwa amepiga goti. Mwanzoni nilipiga nikilia moyoni. Kisha nikamweleza mama mkwe, faragha, nikamwekea mkono wake juu ya goti langu auhisi mfupa unavyocheza. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaambia wageni, "Huyu mwanangu huamkia akiwa amesimama." Waislamu wenzangu wanaoniuliza kuhusu swala: asiyeweza kusujudu huswali kwa kiti, na hilo muulize shehe wako kwa amani, atakuelekeza.

Mikono yangu hainyooki. Mkandaji anaweza kuinyoosha?

Hapana, na tafadhali usimpeleke mtoto. Kiwiko chetu hakinyooki kwa sababu mifupa yenyewe imeumbika vingine, na wengine wana utando wa ngozi mbele ya kiwiko ambamo mishipa inaweza kuwa imepita pasipo mazoea. Ukivuta unavunja au unachana. Wengine hatuwezi kugeuza kiganja kitazame juu. Mimi chenji huipokea kwa mikono miwili iliyokingamana, na makonda wengi hudhani ni adabu ya kupita kiasi.

Upasuaji je?

Upo, na kwa goti linalochomoka mara kwa mara unaweza kusaidia. Sharti ni moja: daktari wa mifupa apate kwanza picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku na kuonyesha misuli na kano. Misuli na kano zetu hazishiki mahali pa kawaida, na mpasuaji asiyejua hukuta kitu kingine ndani.

Nina mimba. Niogope?

Usiogope, ila sema mapema. Kliniki ya kwanza kabisa mwambie nesi una ugonjwa unaogusa figo, upimwe presha na protini ya mkojo wiki za mwanzo ili kuwe na kumbukumbu. Sisi tuko kwenye hatari zaidi ya kupanda presha na kupata kifafa cha mimba, na kama hapo mwanzo hapakuandikwa kitu, baadaye hakuna atakayejua protini ni ya zamani au ni ya hatari. Kama unatumia enalapril, losartan au ndugu zao, onana na daktari kabla ya kubeba mimba akubadilishie. Zinamdhuru mtoto tumboni. Mimi nimezaa mara mbili, zote salama, mara ya pili nikilala wodini wiki tatu za mwisho.

Kuna mambo mengine madogo?

Meno hupungukiwa gamba na kumong'onyoka, kwa hiyo daktari wa meno kila miezi sita. Wengine hufa ganzi vidole au hushikwa na baridi kali mikononi. Kufunga choo ni malalamiko ya wengi. Mifupa ya nyonga huwa na uzito mdogo, basi sahau sigara na tembea juani.

Nimwambie mchumba?

Mwambie, kabla ya mahari. Mpe ukweli mzima pamoja na ule wa nusu kwa nusu. Kuna aliyeondoka nilipomwambia, nikaumia. Anayebaki atakuja kukushikia bomba la maji na kumpeleka mtoto kupima macho, lazima awe anajua anachokifanya.

Kuna tiba?

Ya kuondoa chanzo hakuna. Anayekuuzia dawa ya mitishamba ya kuotesha kucha anauza hewa. Ambaye figo zake zinatunzwa huishi umri wa watu wote.

Mtoto anauliza kwa nini kucha zake si kama za wenzake. Nimwambie nini?

Mpe jibu fupi na la kweli, siku hiyohiyo aliyouliza. Wangu aliniuliza akiwa na miaka minne, tukimenya machungwa. Sisi hatuwezi kuanza chungwa kwa ukucha, tunalitoboa kwa kijiko. Nilimwambia: "Ulipokuwa tumboni, mwili ulisahau kidogo kuzimalizia. Za babu ziliachwa hivyo, zangu ziliachwa hivyo." Akashika gumba langu, akaligeuza, akalilinganisha na lake. Kisha akaomba kijiko.

Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi ya mamdogo wake. Mchora hina alipofika kwenye gumba la mwanangu akasita, akanitazama. Mwanangu mwenyewe akamwambia achore ua hapo pasipo na ukucha, maana pana nafasi.